Zimebaki Saa Saba

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na ugomvi na neno masaa. Ukilitamka tu, unaitwa mbele. Alisema saa ni saa, iwe moja au ziwe mia, na anayetaka kusema masaa aende akazungumze na mbuzi huko Nakalale. Mimi ni wa Nakalale, kwa hiyo darasa zima likanigeukia na kucheka. Nikaapa sitachekwa tena kwa ajili ya Kiswahili. Nilikisoma mpaka nikawapita watoto wa maofisa, na kikawa fahari yangu, tena fahari ya kipumbavu.

Sasa nina saiba Kakuma mjini. Ni chumba kimoja cha mabati, kompyuta tatu ambazo moja haijawaka tangu mvua ya mwaka juzi, na mashine ya fotokopi. Nachapa barua, nawajazia watu fomu, nawaunganishia simu za video. Na nawapimia umbali. Kazi hii ya umbali sikuitafuta. Watu wa kambi ya wakimbizi wakishaambiwa nchi watakayopelekwa, wengi hawaulizi baridi wala mshahara, wanauliza ni mbali kiasi gani. Kuna ukurasa kwenye mtandao ambapo unaandika uwanja wa ndege wa kutoka na uwanja wa kufika, unapewa kilomita na muda wa kuruka. Kakuma nimeitafuta sikuiona, ingawa ndege zinatua hapa na sote tunazisikia. Lodwar imo. Basi naandika Lodwar, naandika huko kwingine, na jibu linatoka kabla mteja hajavuta kiti.

Na nilikuwa nawasahihisha, wacha niseme ukweli. Mtu akiuliza, "Ni masaa mangapi?" namwambia, "Saa, baba, saa. Masaa si neno." Mwenzangu amekuja kujua ndugu yake amekwenda mbali gani, mimi namfundisha ngeli. Nikikumbuka nauchukia mdomo wangu.

Mama ninayemwandika hapa alikuja saiba kwa shughuli hiyo hiyo. Alikuwa Mkongomani mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Binti yake mmoja tu alikuwa amepelekwa Kanada na watoto wake wawili. Mama aliachwa kwa sababu faili lake liliandikwa mbali na la binti, na faili likishaandikwa peke yake linasafiri peke yake, au halisafiri. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akaniambia nimwonyeshe mtoto wake yuko wapi.

Nikaandika. Nikamsomea: karibu kilomita elfu kumi na mbili. Akanitazama tu. Nikaona kilomita hazimwambii kitu, nikafanya hesabu ya kwetu, nikamwambia ni kama kwenda Lodwar mara mia moja.

"Mara mia?" akasema. "Lodwar moja tu inanishinda, mwanangu."

Tukacheka. Halafu nikamsomea muda wa kuruka. Ukurasa ulisema kumi na tano, nami nikasema kwa Kiswahili changu safi kwamba ni saa kumi na tano. Akainua mkono wake wenye saa ndogo ya kike, akaitazama kwa makini, akaniambia hiyo saa kumi na tano kwake haipo, saa yake inaishia kumi na mbili. Nilicheka mpaka machozi. Wateja wengine nao wakacheka. Nilikuwa nikiwasimulia watu kisa hicho kama mzaha, miaka mitatu mizima, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba yule mama alikuwa ananiambia jambo la maana.

Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kila Jumamosi baada ya kanisa la Wasabato kutoka, kuzungumza na binti kwenye skrini. Mwenyewe hakuwa Msabato, alisema anapenda tu kuja wakati njia ina watu. Akimaliza na binti anaketi na mimi. Alinifundisha kupika sombe, majani ya muhogo ya kwao, nikamfundisha kujibu salamu yetu ya Kiturkana, "ejok", bila kuivuta mno. Aliniita mwanangu, na mimi mama yangu alishafariki, kwa hiyo nilikuwa nikiitika haraka haraka kama mtoto.

Faili lake lilikuwa na maneno yake. Mara ya kwanza aliambiwa mwezi wa tano. Akafunga mizigo, akagawa masufuria. Ukaja ukawa mwezi wa tisa, kisha ukawa "tutakuita." Akayarudisha masufuria kwa kuyaomba, moja moja, kwa aibu. Alinieleza siku moja bila hasira kwamba yeye sasa ameshawaelewa: mtu akikupa siku, ngoja siku hiyo, lakini akirudi kukupa siku nyingine, kaa ule chakula chako, hakuna kitu. Watu wengi wa kambini watakwambia hivyo hivyo.

Mwaka huu akaanza kuvimba miguu. Pumzi ikawa fupi, akawa anasimama mara tatu kabla ya kufika kwangu. Zahanati ikampa barua ya kupelekwa hospitali ya Lodwar, na kwa kuwa hakuwa na mtu, nilifunga saiba nikapanda naye kwenye ambulansi. Nilidhani ni safari ya siku moja. Daktari, kijana mpole mno, akanivuta pembeni akaniambia moyo umechoka na maji yamejaa kifuani, na kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe. Ilikuwa Jumatatu.

Nikampigia binti. Hakulia. Alisema, "Subiri," nikasikia vidole vinagonga kompyuta upande wa pili wa dunia. Kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa inaondoka jioni ile ile, lakini ilikuwa na kungoja kurefu njiani, mara mbili. Nyingine ilikuwa inaondoka masaa manane baadaye, ila ilisimama mara moja tu, na ingemfikisha Nairobi mapema, apande ndege ya Lodwar ya Jumatano asubuhi. Ile ya kwanza ingemleta Lodwar Jumatano hiyo hiyo jioni.

"Siwezi kukaa hapa masaa manane naangalia ukuta," akasema. "Ninapanda inayoondoka kwanza."

Nami niliziona njia zote mbili kwenye simu yangu. Niliona kwamba anayetangulia kuondoka ndiye atakayechelewa kufika. Lakini mtu anayekimbilia kwa mama yake utamwambiaje aketi? Nikamwambia safari njema.

Jumanne yote mama alikuwa anazama na kuibuka. Akiibuka anauliza, "Iko wapi sasa?" Namwambia yuko juu ya bahari, bahari kubwa. Anafunga macho. Akiibuka tena, "Iko wapi sasa?" Bado yuko baharini. Akasema bahari hiyo imezidi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikimpepea kwa jalada la faili, maana feni ya wodi ilikuwa inazunguka kwa kujisikia, na joto la Lodwar mnalijua.

Jumatano saa nne asubuhi simu ikalia. Binti alikuwa Addis Ababa, anapiga kwa mtandao wa uwanja wa ndege, sauti imekauka, nyuma yake tangazo linaita abiria. Alisema amekaa pale tangu alfajiri na sasa ndiyo wanapanda. Nikapiga hesabu harakaharaka, hesabu ninazopiga kila siku: mbili mpaka Nairobi, kuvuka mji mpaka uwanja mdogo na kungoja pale, kisha moja na nusu mpaka Lodwar. Saba. Atafika saa kumi na moja, jua likiwa bado liko juu. Furaha ilinipanda mpaka kichwani. Sikuweza hata kungoja simu ikatike vizuri. Nikainama sikioni mwa mama.

"Mama, zimebaki saa saba."

Nilisema zimebaki, kwa ngeli yake, kama nilivyofundishwa. Saa saba, si masaa saba. Mwalimu wangu angenipa kumi kwa kumi. Lakini Kiswahili cha yule mama hakikuwa na zimebaki wala yamebaki, kilikuwa na mtoto yangu na nyumba yangu na saa yangu, vyote mwendo mmoja. Yeye alisikia saa saba. Mchana, saa saba, jua la utosi.

Alifungua macho yote mawili. Hayo macho sijayaona tena kwa mtu. Akaniambia nimwogeshe.

Nikamwogesha kwa beseni na kitambaa. Akataka kitenge chake cha kijani chenye ndege, kile cha Krismasi, kilichokuwa chini kabisa ya mfuko. Akataka kilemba, akataka hereni. Sista alipopita akamwuliza, "Mama, harusi ni lini?" naye akamjibu, "Mutoto yangu anakuya." Wodi nzima ikajua. Sista akaja na dawa, mama akauliza kama inaleta usingizi. Alipoambiwa inaleta kidogo, akakataa. Uji akakataa, eti utamchafua. Mimi nikaona ni furaha, nikamwacha. Tena nilimsaidia kukataa, nikamwambia sista amwache ajipambe kwa raha zake.

Aliniomba nimgeuze aangalie mlango. Nikavuta kitanda, magurudumu yakalia, nikamwekea mito miwili mgongoni. Pumzi yake ilikuwa inakwenda kwa kazi, lakini akakaa wima kama mgeni aliyealikwa.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita, mama."

"Basi, karibu."

Nikasema ndiyo, karibu. Haki ya Mungu, nilisema ndiyo.

Saa saba ndiyo saa ya kuona wagonjwa pale. Mlango ulifunguliwa, watu wakaingia kwa wingi na vyakula vyao na watoto wao wa mgongoni. Mama akanyoosha shingo. Kila aliyeingia alimtazama usoni, mmoja mmoja. Aliingia mwanamke mmoja mrefu mwenye suti, labda mwalimu, na mama akaanza kuinua mkono, kisha akaurudisha pale kitandani taratibu. Mimi niliona hayo yote. Nilidhani anapenda tu kuona watu. Nikatoa simu nikaangalia ujumbe.

Saa nane wakafukuza wageni, mlango ukafungwa. Wodi ikanyamaza. Mama akasema, "Hakukuya."

"Nani, mama?"

"Ulisema saa saba."

Nikapiga magoti pale kitandani nikaanza kueleza. Nikamwambia la, mama, si saa saba ya mchana. Ni masaa saba ya safari. Masaa, mama, masaa. Yalikuwa yamebaki masaa saba toka saa nne, unajumlisha, inakuwa saa kumi na moja. Atafika saa kumi na moja. Nilimhesabia vidole mbele ya uso wake, vyake na vyangu. Nilisema masaa mara nyingi kuliko nilivyowahi kulisema maishani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu, lile tabasamu la kumsikitikia mtu anayejitahidi.

"Sasa ni saa kumi na moja," akasema.

"Ndiyo, mama. Kumi na moja."

"Ndiyo. Mbele ilikuwa saba, sasa kumi na moja." Akanipapasa kichwa. "Basi, mwanangu. Minaelewa. Usijisumbue."

Nikaelewa ameelewa nini. Mimi, niliyekaa naye miaka mitatu, nilikuwa nimesimama mbele yake kama wale wa ofisini, nimempa saa na sasa namsogezea. Nikaapa. Nikamwambia kwa jina la Mungu binti yuko njiani, ameshafika Nairobi, ni hapo tu. Kila nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunionea huruma. Akaniomba nimgeuze aangalie ukuta, jua linamwumiza macho. Dirisha lilikuwa upande wa ukuta. Mlangoni hapakuwa na jua.

Nilikataa kumgeuza. Nikamwambia ngoja, mama, nakupigia umsikie mwenyewe. Nikapiga ile namba ya Kanada. Haikuita hata mara moja. Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Laini yake ya huko ilikuwa haishiki Kenya, na ya hapa hakuwa nayo. Angepata wapi nafasi ya kusimama kununua laini? Nikafungua mtandao, nikamwandikia kila mahali anapoweza kuandikiwa: piga simu, piga sasa hivi, sema neno moja tu. Kila ujumbe ulikaa na alama yake moja, ya kwamba haujafika. Nikawaza kupiga uwanja wa ndege, nikatafuta namba, nikaipata, ikaita mpaka ikajikata. Nilimgombeza sista kwa ajili ya mtandao, kama vile mtandao ni wake. Akanishika bega.

Alikuwa Nairobi. Alikuwa nchi hii hii, chini ya jua hili hili, na mimi mwenye saiba, mimi ninayewaunganishia watu wa Kakuma na dunia nzima, sikuweza kuifikisha sauti yake mahali pa mwendo wa saa moja na nusu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amejigeuza mwenyewe. Sijui alipata wapi nguvu. Kilemba kilikuwa kimelegea upande. Nilimwita, akaitika kwa mbali. Nikaanza kusema atafika, atafika, atafika, na sikuwa na lingine la kusema. Pumzi zikawa zinaachana. Daktari akaja, akaweka kifaa kifuani, akamwambia sista maneno mawili ya Kiingereza. Saa tisa na robo akaenda zake. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani.

Nilimwomba sista wasimwondoe. Nilimwambia kuna mtu anakuja saa kumi na moja. Yeye aliniamini. Wakavuta pazia.

Uwanja wa ndege wa Lodwar uko pale pale mjini, nilikwenda kwa miguu. Sijui nilipita njia ipi. Ndege ilitua kwa wakati wake kabisa, ikasimama, ngazi ikateremshwa. Binti alikuwa wa pili kushuka, na koti zito la baridi mkononi, miguu imevimba kwenye viatu. Tulikuwa tunajuana kwa skrini tu, lakini alinijua toka mbali. Alianza kukimbia, akanitazama vizuri, akaacha kukimbia.

"Lini?" akauliza.

"Saa tisa na robo."

Akatazama simu yake, ile ile niliyoipiga. "Nilikuwa kwenye benchi," akasema. "Nilikuwa nimekaa tu, nangoja watuite tupande."

Tukaenda hospitali. Sista alifungua pazia. Nilikuwa nimemgeuza mama kabla ya kuondoka, nimemlaza chali, nimemfunga kilemba upya. Binti alisimama akaangalia kitenge, akaangalia hereni, akagusa kilemba kwa kidole kimoja.

"Dada, nani alimvika hivi?"

"Mimi. Aliniomba."

"Alijua ninakuja?"

"Alijua."

"Kwa hiyo alinisubiri." Hakuwa ananiuliza. Aliketi kwenye kile kiti changu cha plastiki, koti bado liko mkononi, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuhesabu. Ile ndege ya pili ingeondoka saa fulani, ingesimama mara moja, angelala Nairobi, angepanda ya asubuhi, saa tatu angekuwa hapa. Saa tatu asubuhi mama alikuwa mzima. Alihesabu kwa vidole, akarudia tena toka mwanzo. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyechagua. Kama ningengoja yale masaa manane, angeniona."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Hayakuwa mengi. Lakini nilipotaka kuyatoa niliona yanakoelekea. Kumwambia kosa langu ni kumwambia pia kwamba mama yake alikufa akiamini hakuna mtu aliye njiani. Nisingeweza kumpa la kwanza nikamnyima la pili. Nikamtazama, nikamtazama yule mama ndani ya kitenge chake cha Krismasi, nikatafuta namna, na namna haikuwepo.

"Usijilaumu," nikamwambia.

Akainuka, akanishika mikono yote miwili. Akasema mama alikuwa akimweleza habari zangu kila Jumamosi, na anamshukuru Mungu kwamba mwishoni alikuwa na mimi hapa, mtu wa kumwambia ukweli wa mambo. Akasema asante sana, dada.

Nikamjibu karibu.